Ndege ya mjomba ilikataa kupanda: injini imechoka, au ni hewa ya Nakuru?

*“Mwalimu, habari za kazi. Nina Cessna 170B ya mwaka 1953 niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu. Nilijifunza kuruka pwani, na ndege yenyewe imekaa pwani miaka mingi mpaka nilipoileta Kisumu mwaka huu. Mwezi ujao wenye ndege ndogo za zamani wanakutana upande wa Rongai, Nakuru, kwenye uwanja wa nyasi wa shamba moja, kama wafanyavyo kila mwaka. Mjomba alikuwa akinisimulia mikutano hiyo tangu nikiwa mtoto. Jumamosi iliyopita nilienda kuukagua uwanja na marafiki wawili. Una urefu wa mita 900 na uko futi 6,200 juu ya bahari. Tuliondoka saa saba mchana, joto nyuzi 26, matangi karibu yamejaa, ila uzito ulikuwa chini ya kiwango. Kitufe cha mchanganyiko nilikisukuma chote ndani kama nilivyofundishwa. Injini ilinguruma kizito, mizunguko kwa dakika ikawa pungufu kama 150 kuliko nilivyozoea pwani. Nilipoona tunakwenda kasi nikavuta. Ikainuka, ikarudi chini ikagusa nyasi, ikainuka tena mwisho kabisa wa uwanja. Tulipita juu ya mahindi nikiziona mbelewele. Kijana wa shamba alisema aliona moshi mweusi. Fundi mmoja Kisumu ameisikiliza akasema silinda zimechoka, tufungue injini yote. Wengine wanasema ndege ya zaidi ya miaka 70 haifai kwenda milimani. Nimeshamwahidi mke wangu na watoto wawili kwamba tutaruka pamoja mpaka mkutanoni. Je, injini imekwisha? Niifungue kwanza, au naweza kwenda?”*

Ndugu yangu, pole kwa mshtuko, na nashukuru kwamba barua hii umeiandika wewe mwenyewe. Kisa kama chako mara nyingi huandikwa na wachunguzi wa ajali.

Nikijibu moja kwa moja: katika yote uliyonieleza, sijaona dalili hata moja ya injini iliyochoka ambayo haiwezi kuelezwa na hewa nyepesi pamoja na kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa ulichokiacha ndani. Hiyo si hati ya uzima. Mimi sijaigusa injini yako, na fundi wako naye, kwa maelezo yako, ameisikiliza tu bila kuipima. Inapimika, na vipimo hivyo ni vya bei ndogo sana ukilinganisha na kuifungua. Kuhusu mkutano, ndege yaweza kwenda vipimo vikitoka vizuri. Mkeo na watoto wapande gari. Nitaeleza kwa nini, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakata tamaa.

Nianze na hili la umri, kwa sababu linakusumbua na halistahili. Cessna 170 ilianza kuuzwa 1948, na ile ya kwanza ilikuwa na mabawa ya kitambaa. Yako, 170B, ni ya bati yote, na flapu zake kubwa, vile vibao vya kushusha nyuma ya bawa, zilikuwa nzuri kiasi kwamba 172 iliyoifuata mwaka 1956 ilizirithi. Ndege haichoki kwa kuhesabu birthdei. Inachoshwa na kutu, nyufa, uvivu wa kukaa bila kuruka, na mikono ya watu. Ndege ya 1953 iliyotunzwa na kuandikwa vizuri kwenye vitabu vyake ni salama kuliko ya 1990 iliyotelekezwa nyuma ya hanga. Na nchi hii ya juu ilishazoea ndege dhaifu kuliko yako. Kisumu ilikuwa kituo cha Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, mapema miaka ya 1930, na rubani mashuhuri Beryl Markham, aliyekulia Njoro, hapo karibu na unakokwenda, alijifunza kuruka kwa ndege za mbao na kitambaa. Wale hawakuwa na injini bora kuliko yako. Waliijua hewa ya kwao.

Hewa ndiyo habari yenyewe. Injini yako, Continental C-145 ya silinda sita, inatoa nguvu za farasi 145 usawa wa bahari. Inazitoa kwa kuchoma petroli pamoja na uzito fulani wa hewa. Ukipanda juu, kila silinda inajaa vilevile kwa ujazo, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa kidogo. Kwa injini isiyo na tabo, yaani isiyosukumiwa hewa, unapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Halafu joto nalo hutanua hewa na kuipunguza zaidi. Hewa ya kawaida inayotumika kwenye vitabu vya ndege ni nyuzi 15 usawa wa bahari, na hupoa kama nyuzi 2 kila futi 1,000. Kwa futi 6,200, kitabu kinatarajia nyuzi 2 na nusu hivi. Wewe ulikuwa na 26. Kwa kila nyuzi moja ya ziada, ongeza futi 120. Fanya hesabu hiyo utaona kwamba ardhi ya uwanja ule iko futi 6,200, lakini hewa uliyoruka nayo ilikuwa ya futi 9,000. Huo naomba tuuite mwinuko wa hewa, na ndege haijui mwinuko mwingine wowote.

Kwa futi 9,000 injini yako inatoa karibu farasi 108. Injini mpya kabisa ya aina hiyohiyo, ikitoka kwenye boksi leo, pale uwanjani saa saba mchana ingetoa farasi 108 hizohizo. Kwa hiyo ungelipa pesa zote za kuifungua, ukarudi Rongai mchana na abiria wawili na matangi kamili, mbelewele ungeziona tena.

Najua utauliza: kupoteza robo ya nguvu ndiko kukose kupanda kabisa? Chukua mfano wa nyumbani. Mtu anapata shilingi 40,000 kwa mwezi, na kodi, unga na nauli vinakula 22,000. Anabaki na 18,000. Sasa mshahara ukatwe robo, apate 30,000, na mwezi huohuo matumizi yapande mpaka 25,000. Mshahara umepungua robo, lakini kinachobaki mkononi kimeshuka kutoka 18,000 hadi 5,000. Ndege hupanda kwa kile kinachobaki. Kwenye hewa nyepesi lazima iende kasi zaidi kweli ili bawa libebe uzito uleule, kwa hiyo matumizi yanaongezeka wakati mapato yanapungua. Uzito wako kuwa chini ya kiwango haukukuokoa hapo. Kile kiwango, kilo 998 kwa 170B, ni ruhusa ya juu kabisa ya ndege. Hakikuahidi kwamba uzito huo utainuka kila uwanja, kila saa.

Sasa ile mizunguko 150 iliyopungua. Hapa ndipo ningetaka ukae na fundi wako mtulie, kwa sababu watu wengi hukosea. Propela ya pichi isiyobadilika, yaani yenye mapanga yasiyogeuza pembe yake, hupiga hewa ileile nyembamba ambayo injini inaivuta. Injini imepungukiwa nguvu, ndiyo, lakini propela nayo imekuwa rahisi kuizungusha. Vyote viwili hupungua karibu sambamba. Kwa sababu hiyo, injini nzima iliyowekewa mchanganyiko sawasawa, ndege ikiwa imesimama kwa breki na nguvu yote imefunguliwa, huonyesha mizunguko karibu ileile Malindi na Nakuru. Kinachopungua ni mvuto wa propela, na mvuto huo hauna saa kwenye dashibodi. Kwa hiyo hewa peke yake haikukuibia mizunguko 150. Kuna kitu kingine, na kijana wa shamba alikiona kabla yetu sote: moshi mweusi.

Moshi wa bluu ungekuwa oili inayoungua, na ningeanza kuzihofia ringi na valvu. Mweusi ni petroli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Kabureta yako hupima petroli kwa kufuata ujazo wa hewa inayopita, haijui hewa hiyo ina uzito gani. Pwani, kitufe chekundu kikiwa chote ndani, mlo ni sawa. Kwa mwinuko wa hewa wa futi 9,000, mlo uleule ni petroli nyingi mno. Injini inakabwa, inanguruma kizito kama ulivyoisikia, na inapoteza hata zile farasi chache ilizobakiwa nazo. Aliyekufundisha kusukuma vyote ndani wakati wa kuruka alikufundisha vyema, kwa pwani. Somo hilo lilipaswa kuwa na sura ya pili na hukupewa.

Sura ya pili ni hii. Uwanja ulio juu, kabla ya kuanza kukimbia, simama mahali safi pasipo kokoto, kwa maana propela huzinyanyua na kujichana. Vuta usukani wote tumboni, kwa sababu ndege yako ina gurudumu la mkia na ukifungua nguvu yote mkia ukiwa mwepesi itapiga pua. Shika breki, fungua nguvu yote, kisha vuta kitufe chekundu polepole ukitazama saa ya mizunguko. Itapanda, itapanda, itasita. Inapoanza kushuka, rudisha ndani kidogo mpaka ipite kilele, uache hapo. Mara ya kwanza utashangaa ulikuwa ukipoteza nguvu kiasi gani. Kisumu asubuhi huenda usione tofauti kubwa. Kisumu alasiri ya nyuzi 30 mwinuko wa hewa unafika futi 6,400, nawe utaiona.

Lipo na jambo la kuvuta mapema. Uliniambia uliona mnakwenda kasi. Mlikuwa mnakwenda kasi kweli, na hilo ndilo lililokudanganya. Kwa futi 9,000, saa ya spidi ikisoma maili 60, nyasi zinapita chini yako kwa karibu maili 69. Macho yaliyofundishwa pwani yanaona nyasi hizo yanasema tayari, na bawa bado halijawa tayari. Ukivuta hapo, ndege inainuka kwa sababu karibu na ardhi kuna godoro la hewa: bawa likiwa chini kuliko urefu wake lenyewe, na lako ni mita 11, ukinzani wa hewa hupungua. Ndege inakubali kuelea juu ya godoro hilo kwa spidi ambayo haiwezi kupanda nayo. Ukitoka juu ya godoro, inadondoka. Mimi nilifanyiwa hivyo nikiwa na saa chache za kuruka, adhuhuri moja, kwenye uwanja ulio katikati ya mashamba ya chai. Nakumbuka vijiti vya chai vikipiga gurudumu la kushoto, tap-tap-tap, na mkono wangu ukitaka kuvuta zaidi. Dawa ni kinyume cha unachotamani: shusha pua kidogo, ibakize ndege ndani ya godoro mpaka saa ya spidi, siyo nyasi, iseme imefika, ndipo uiache ipande. Na ukifika nusu ya uwanja hujapata asilimia 70 ya spidi ya kuinukia, funga nguvu, simama. Nusu ya uwanja ipigie alama mapema, hata kwa gunia jeupe.

Tupige hesabu ya uwanja wako, maana mita 900 zinasikika nyingi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewafundisha marubani wa ndege ndogo mahesabu ya kuzidisha ambayo nayapenda kwa urahisi wake: ongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 za ziada juu ya joto la kitabu, asilimia 20 kwa nyasi kavu au 30 zikiwa na maji, kisha juu ya yote weka theluthi moja ya usalama. Tuseme, kwa mfano tu, kitabu chako, kwa uzito uliokuwa nao, kinataka mita 300 pwani mpaka kuvuka kimo cha futi 50. Mwinuko unazifanya kama 540. Joto linazifikisha 675. Nyasi kavu, karibu 810. Weka ile theluthi, unavuka mita 1,050. Uwanja una 900. Na hapo bado sijakutoza chochote kwa injini iliyokabwa na petroli. Ulitoka ukiwa umekula akiba yote ya usalama, na mahindi ndiyo yaliyokuwa yanakuhesabia.

Sasa vipimo. Fanya hivi kabla hujampa mtu yeyote kazi ya kuifungua injini, na vifanywe na mhandisi wa ndege mwenye leseni ya aina hiyo, siyo fundi wa kusikiliza.

Kwanza ile mizunguko ya kusimama, Kisumu, asubuhi na mapema, hakuna upepo, injini imepata joto, mchanganyiko umewekwa kama nilivyoeleza. Isomwe kwa kipima mizunguko cha mwanga kinachoelekezwa kwenye propela, kwa sababu saa za zamani za waya husema uongo, na zikisema uongo mara nyingi husoma chini. Namba mtakayoipata ilinganishwe na kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya cheti cha aina ya ndege kwa propela yako hasa. Nasema yako hasa, kwa sababu propela za 170 zina pichi tofauti. Ndege iliyoishi pwani huenda imevalishwa propela ya kusafiri haraka, yenye pichi kubwa, ambayo kwenye uwanja wa juu ni sawa na kuondoa lori mlimani kwa gia ya tatu. Kama ndivyo, tatizo lako lina dawa nafuu kuliko silinda sita.

Kama mizunguko iko chini ya kiwango, bado usikimbilie silinda. Kagua kichujio cha hewa. Vumbi la murram huku ni jingi kuliko pwani. Kagua kama waya wa nguvu unafika kikomo chake pale kwenye kabureta, siyo pale kwenye dashibodi. Kagua ule mlango wa hewa moto ya kabureta: usipofunga vizuri, injini inavuta hewa ya moto siku nzima, na hewa ya moto ni hewa nyepesi. Ndani ya mafla za Cessna za umri huu kuna vibati vya kutuliza sauti. Vikioza hukatika, vikaziba njia ya moshi, na injini ikakosa pumzi. Mafla iliyooza namna hiyo pia hupitisha moshi wenye sumu kwenye hita ya chumba, kwa hiyo hili usiliahirishe hata kama mizunguko ni sawa. Majira ya magneto, vile vifaa vinavyotoa umeme wa cheche, nayo yaangaliwe.

Halafu silinda zenyewe zipimwe kwa hewa, injini ikiwa ya moto. Mhandisi ataingiza hewa ya shinikizo la 80 (psi) kwenye kila silinda na kusoma inayobaki. Zikisoma sabini na kitu, huna ugonjwa huo. Moja ikishuka karibu na 60, weka sikio: mvumo ukitoka kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea, ukitoka kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia, ukitoka pale unapotilia oili ni ringi. Silinda moja mbovu hutolewa ikatengenezwa yenyewe; haimaanishi kuifungua injini nzima. Mwisho mwaga oili, toa chujio, pitisha sumaku. Hapa ndipo nisingekuficha: injini iliyokaa pwani bila kuruka huota kutu kwenye kamshafti, na kutu hiyo haionekani kwenye kipimo cha hewa. Chembe za chuma zinazoshikwa na sumaku zikiwa nyingi, ndege isiruke tena hata kwa kupelekwa gereji. Mhandisi aje ilipo.

Je, kuifungua yote kuna wakati wake? Kuna. Kiwango cha Continental kwa injini hii ni saa 1,800, au miaka 12. Vitabu vyako vikionyesha umevuka mojawapo, au havionyeshi lolote, basi lizungumze na mhandisi na uanze kuweka pesa hata kama vipimo vinapendeza. Lakini uamuzi huo utoke kwenye kitabu na sumaku. Usitoke kwenye kisa cha Jumamosi saa saba mchana.

Tuje kwenye safari. Kwa mstari ulionyooka Kisumu mpaka Nakuru ni kama kilomita 150, chini ya saa moja. Ugumu uko katikati, kwa sababu reli yenyewe, iliyofika Kisumu 1901, ilibidi ipande zaidi ya futi 8,300 kuvuka Mau. Kosa la wageni ni kuifuata reli hiyo kutoka Muhoroni kupandisha Fort Ternan kuelekea Londiani wakitegemea kupanda njiani. Bonde linapanda kuliko ndege. Kuta zinakaribia, na ukitambua hivyo huna tena nafasi ya kugeuka. Wewe pandia juu ya tambarare ya Kano. Zunguka juu ya mpunga wa Ahero na miwa, taratibu, hakuna anayekukimbiza, mpaka uwe na angalau futi 1,500 juu ya ardhi yote iliyo mbele yako. Ukiona imeshindikana ukiwa bado juu ya Kano, Kisumu iko nyuma yako. Geuka. Ukivuka matuta, yavuke kwa mshazari ili kugeuka kuwe robo ya mzunguko tu.

Hewa ya ziwa ina unyevu mwingi, na Continental hizi, ambazo kabureta yake haikai juu ya oili ya moto kama ya Lycoming, huganda barafu ndani ya kabureta hata nje kukiwa na nyuzi 20. Mizunguko ikianza kushuka yenyewe bila sababu, fungua hewa moto yote, vumilia itetemeke inapomeza maji, na usiifunge kwa hofu.

Ondoka Kisumu saa moja asubuhi. Mchana upepo wa ziwa hukutana na wa milimani juu ya Nandi, Kericho na Mau, na wakulima wa chai wanaijua mvua ya mawe inayofuata. Kurudi ni kesho yake asubuhi. Utaona mkutanoni kwamba wazee wenye Super Cub na Tiger Moth hawagusi propela baada ya saa tano. Wanaweka hema chini ya bawa, wanafungua termosi ya chai, wanazungumzia valvu mpaka giza. Jiunge nao. Yale masimulizi ya mjomba yalipatikana hapo chini ya mabawa. Saa moja asubuhi pale, nyuzi 13, mwinuko wa hewa ni kama futi 7,450. Ni uwanja uleule, chini kwa futi 1,500 bila kutumia shilingi.

Na petroli: ndege yako hula kama lita 30 kwa saa, na uwanjani huko usitegemee kuikuta. Kwenda, kurudi, kupanda Kano na akiba ya kutosha ni kama lita 100. Zile 40 nyingine ni kilo 29 za kubebesha injini bure.

Sasa familia. Ukiwa peke yako na lita 100, ndege ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko Jumamosi ile, na hilo peke yake linafupisha mwendo wa kuruka kwa takriban theluthi. Ukimweka mkeo na watoto wawili unarudi kulekule kwenye mbelewele. Najua uliahidi. Mwambie mkeo ukweli wote, pamoja na yale mahindi, kabla hajayasikia kwa marafiki zako. Waje kwa barabara kupitia Kericho, walale Nakuru, asubuhi wasimame kando ya uwanja waione ndege ya babu yao mdogo ikitokea upande wa Mau, ikizunguka, ikitua. Watoto hawatasahau hilo. Siku ya kuwarusha iko, na ni Kisumu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, juu ya ziwa, ambako una uwanja mrefu wa lami na hewa nzito zaidi.

Kabla ya hayo yote, kuna mtu wa kumtafuta ana kwa ana, na kwa hili barua haitoshi: mwalimu wa kuruka aliyezoea viwanja vya juu na ndege za gurudumu la mkia. Saa tatu au nne za kuruka naye, katika ndege yako, mkianza Kisumu kisha Kitale au Eldoret asubuhi, zitakufundisha zaidi ya kurasa hizi. Asipopatikana kabla ya mkutano, au mhandisi asipomaliza, au cheti cha usalama wa ndege na bima havijakaa sawa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, nenda na familia kwa gari mwaka huu. Watakupokea vilevile, nao watataka kuijua ndege ya mjomba wako.

Wiki hii pima ile mizunguko ya kusimama. Niandikie namba uliyoipata, joto la saa ile, na herufi na tarakimu zilizopigwa chapa kwenye kitovu cha propela. Zifute kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, zitasomeka. Nikizipata nitakwambia kama huyo fundi alikuwa na haki.